Bendi Aliyoisikia Sista Dirishani

Alizaliwa wapi na kwa nani, hayo nawaachia wale wanaoandika wasifu wa kusomwa kanisani. Mimi nilimkuta Sista akiwa tayari ni Sista, yuko jikoni kwa mwanawe pale Mansfield, aproni kiunoni, anasukuma chapati, na juu ya kabati la vyombo gramafoni inapiga kelele za Waingereza wanaokanyaga sakafu na kupiga makofi. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mwaka ule wa 2017 nilipokuwa mgeni Texas. Nilidhani nimekosea nyumba.

"Ingia ufunge mlango, AC inatoka," akaniambia bila kugeuka. "Na viatu uviache hapo."

Nilikuwa nimeletwa na rafiki yangu tuliyekuwa tukiishi naye Carrollton, baada ya kuambiwa kwamba kuna mama anayewasaidia wasichana wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni ya uuguzi. Nilitarajia mama mpole wa kutufariji. Nikapewa kisu na kilo kadhaa za vitunguu, na huku nakatakata nikaulizwa dalili za mgonjwa anayetokwa na damu ndani kwa ndani. Nilikosea swali, na vitunguu pia nilikuwa nimevikata vibaya. Alinieleza makosa yote mawili kwa sauti ile ile.

Hakuwa sista wa kanisa. Nasema hivi kwa sababu wenzangu wa kazini, akina mama wa Burundi ambao ni Wakatoliki hasa, kila nikiwatajia Sista walidhani nazungumzia mtawa, na mmoja aliniomba nimpelekee nia ya sala. Kule Uingereza alikosomea akiwa binti, na Kenya alikorudi kufanya kazi, muuguzi anayesimamia wodi huitwa Sista, na jina hilo lilimganda. Mkamwanawe alimwita Sista. Mchungaji alimwita Sista. Wajukuu ndio waliomwita Grandma, na kila alipowauliza jambo kwa Kiswahili walimjibu kwa Kiingereza, naye akaendelea kwa Kiswahili mpaka wakachoka wao.

Alitufundisha Jumamosi, kwenye meza ya kulia chakula. Kabla ya kufungua kitabu tulinyoosha mikono, akakagua kucha. Ukiwa umepaka rangi, ulipewa pamba na dawa ya kuiondoa, na ulifanya kazi hiyo mbele ya wenzako. Maswali yake hayakuwa ya kwenye vitabu. Siku moja alituuliza: mgonjwa anakwambia hana shida yoyote, lakini vidole vyake vinakunja shuka, utafanya nini? Tukataja presha, tukataja dawa, tukataja kumwita daktari. Akatuacha tumalize.

"Unaketi," akasema. "Ukiwa umesimama anajua unaondoka. Hawezi kukuambia kitu."

Alikuwa na misemo yake aliyoipenda. Mtu akianza kusimulia habari za watu kwa kutia chumvi, Sista alimkatiza: "Mimi sina maoni, nina joto la mwili na presha." Maana yake, leta ulichokiona, uache ulichokidhania. Msemo huo uliniudhi sana miezi ya mwanzo, kwa sababu mimi ni mtu wa maoni na sijawahi kuyaficha. Nimekuja kuuelewa kidogo kidogo, nikiwa wodini, nikiwaona watu wakiumizwa na ukarimu wa wale waliowapambia habari.

Basi mtu wa namna hiyo, asiyekunywa hata tone, aliyeimba sauti ya chini katika kwaya ya akina mama na kuwakemea waliovaa magauni ya kubana, alikuwa shabiki wa kufa na kupona wa wanaume wanne waliojipaka vumbi la fedha mashavuni. Walikuwa vijana wa mji mmoja wa viwanda, watoto wa mafundi wa vyuma, na kwa miaka miwili mitatu hivi, katika miaka ya sabini, wasichana wa Uingereza walizimia kwa ajili yao. Mwimbaji alivaa koti lililoshonwa manyoya ya kijani mabegani. Mpiga gitaa alivaa viatu vya soli ndefu, vile ambavyo watu wa enzi hizo waliviita raizoni, virefu kiasi kwamba alishikwa mkono kupanda jukwaani. Haikuwa ile bendi kubwa ambayo kila mtu anaijua. Ukimtajia hiyo bendi kubwa alikunja pua, akasema hao walikuwa na wakala mzuri tu.

Alizipenda santuri zao na kuzilinda kuliko vyombo vya kioo. Alikuwa na msimamo thabiti kuhusu kila mmoja wao: mpiga ngoma ndiye aliyekuwa bendi yenyewe, mwimbaji alikuwa mvivu, wa gitaa la besi alikuwa mtu mwema aliyeingia kwenye kundi baya. Kuna duka la santuri za mitumba Fort Worth ambalo nilimpeleka mara moja. Mwenye duka, mzee wa Kitexas mwenye nywele ndefu zilizofungwa nyuma, alimwelekeza kwa heshima zote kwenye nyimbo za injili. Sista akamtajia bendi yake. Yule mzee akasema, kwa wema kabisa, kwamba hao walikuwa na wimbo mmoja tu wa maana. Hatukurudi tena pale. Kila tulipopita barabara ile Sista aliangalia upande wa pili.

Kuna siku mchungaji alikuja kumtembelea, na muziki ukawa unaendelea. Sista alipunguza sauti, ila hakuzima. Mchungaji akavumilia kwa muda, kisha akauliza hawa watu wanaimba kuhusu nini.

Sista alimjibu kwamba hajui, na hajawahi kujua. Alisema maneno yao hayana maana yoyote na ndiyo sababu anawapenda. Kutwa nzima wodini alikuwa akisikia maneno yenye maana, mtu anaomba maji, mtu anamwita mama yake, mtu anauliza kama atapona. Akirudi bwenini, enzi hizo za kusoma Uingereza, alitaka kelele ambayo haimwombi kitu. Mchungaji alikunywa chai yake akaomba kuongezewa chapati.

Sasa nieleze jinsi alivyowafahamu, kwa sababu jambo lenyewe liko hapo. Sista hakuwahi kuwaona. Hilo alilisema yeye mwenyewe kila alipoanza hadithi, asije mtu akamdhania vingine. Mara moja walikuja kupiga katika mji aliokuwa akisomea, kwenye ukumbi ulioko ng'ambo ya barabara kutoka hospitalini. Alikuwa na tiketi. Asubuhi ya siku hiyo metroni akabadilisha zamu: msichana wa Kiingereza alikuwa mgonjwa, na mtu wa kuziba pengo alitafutwa miongoni mwa wale waliotoka Afrika na visiwa vya Karibi, kama kawaida. Alilisimulia hili bila uchungu, nami nikaona uchungu kwa niaba yake. Jioni akawa kwenye chumba kidogo cha kuoshea vyombo vya haja vya wagonjwa, ghorofa ya tatu. Akafungua dirisha.

Alisikia onyesho zima. Alisikia watu wakikanyaga mpaka vyombo vikatetemeka kwenye rafu. Halafu akaitwa ashuke chini kwenye chumba cha dharura, kwa sababu walikuwa wakiletwa: wasichana waliozimia, mvulana aliyevunjika kifundo cha mguu kwa kuvaa viatu asivyovimudu, mwingine aliyekwama kwenye uzio. Akawafuta nyuso, na vumbi lile la fedha likabaki kwenye mikono yake, kwenye mito, kwenye sinki.

"Nimewasikia," alikuwa akimalizia. "Nimewafunga bandeji watu wao. Wao wenyewe sijawaona."

Tulimwonyesha video kwenye simu, maana siku hizi kila kitu kipo. Aliitazama kidogo akairudisha. Alisema hata wakati ule aliwaona kwenye televisheni ya bweni la wauguzi, na hiyo hakuihesabu. Kumwona mtu, kwake, ni kuwa naye chumba kimoja. Nilimtania kwamba basi hata Rais hajawahi kumwona. Akasema ndiyo, hajamwona, na wala hajisikii kupungukiwa.

Siwezi kusema habari zake nikaacha sheria ya matanga. Wakenya wa huku tuna desturi yetu: mtu akifariki, nyumba ya wafiwa haiachwi peke yake. Kila jioni watu hukusanyika kwa sala, mwingine na sufuria ya wali, mwingine na soda, mpaka mwili usafirishwe nyumbani. Desturi hiyo tuliikuta. Sista aliiongezea ya kwake: mwili ukiwa bado haujaondoka, mtu yeyote wa kundi letu asifanye sherehe, asiende kwenye sherehe, hata kama hakumjua marehemu. Alikuwa na ushawishi wa kutosha kuifanya iwe sheria, na aliisimamia kwa simu.

Aliyeumia zaidi alikuwa Mama Neema, muuguzi mwenzetu wa Mansfield, mtu wa kucheka kwa nguvu na kukasirika kwa nguvu. Binti yake alikuwa amemaliza shule, ukumbi umekodiwa, mbuzi ameshachinjwa, bibi wa mtoto ameshafika kutoka Kenya. Siku mbili kabla, mzee mmoja akafariki Arlington, ambaye Mama Neema alikuwa amemsalimia labda mara moja maishani. Sista akapiga simu. Sherehe ikaahirishwa, nyama ikaliwa matangani, na tarehe mpya ilipopatikana Neema alikuwa ameshaenda chuo jimbo jingine na bibi amesharudi. Tangu hapo Mama Neema alimsalimia Sista kwa mkono tu. Hakumkumbatia tena, na hakuja tena kula kwake.

Nilimwambia Sista wazi kwamba amezidi. Akaniambia kwamba alipofiwa na mumewe, miaka hiyo wako Nakuru, jirani alikuwa na arusi. Yeye alikaa chumbani na jeneza, huku upande wa pili wa ukuta watu wanacheza. Alisema hakumchukia yule jirani. Ila nyimbo zile anazijua zote mpaka leo, kwa mpangilio wake, na hakuwahi kutaka kuzijua.

Mambo ya macho yalianza kabla ya mimi kuyagundua. Alikuwa akijigonga kwenye mlango wa mashine ya kuosha vyombo ulioachwa wazi, akimlaumu mkamwanawe. Kanisani alianza kuwapita watu waliomsalimia kutoka ubavuni, na baadhi wakasema Sista ameanza kiburi. Ilikuwa presha ya macho, na ilikuwa imekula mno kabla haijagunduliwa. Matone aliyopewa yangeichelewesha, yasingeirudisha nyuma. Alinieleza kwa utulivu kama anayetoa ripoti ya mgonjwa wa mtu mwingine: pembeni pamefungwa, anaona katikati tu, ni kama kuchungulia kwenye mrija, na daktari amesema hata hapo katikati patafungwa, labda baada ya mwaka, labda miwili.

Funguo za gari aliziweka mezani mwenyewe, siku alipogonga sanduku la barua la jirani. Mwanawe alishusha pumzi ya nafuu, na nadhani Sista aliisikia, kwa sababu alienda chumbani akafunga mlango. Nilimfuata. Alikuwa amekaa kitandani analia, na mimi nikakaa kando yake, nikalia pia. Mansfield bila gari ni kuta za nyumba na uzio wa nyuma. Kuanzia hapo nikawa dereva wake wa Jumamosi, na nakiri nilipenda kazi hiyo kuliko ile niliyolipwa.

Habari ya bendi niliiona mimi kwenye simu, mwaka 2019. Wale waliobaki walikuwa wanazunguka Amerika mara ya mwisho, na Texas wangepiga mji mmoja tu, Houston, jioni ya Jumamosi. Nilimwambia tukiwa kwenye barabara kuu ya 287. Akaniuliza kama viti vya nyuma kabisa bado vipo.

Nilimwambia kwamba vya mbele pia vipo, nikaanza kumshawishi, mtu wa macho mabovu akae karibu. Akaniacha niseme.

"Nikikaa mbele nitaona kifungo kimoja cha shati," akasema. "Nikikaa nyuma kabisa, wataingia wote."

Ndipo nikaelewa jinsi alivyolitafakari jambo lile. Tukanunua viti vya mstari wa mwisho. Alimtangazia kila mtu, mpaka mchungaji. Akapeleka gauni kwa fundi. Sikuwahi kumwona akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe, na ilinitisha kidogo kuona anavyokitaka. Alitaka kukaa chumba kimoja nao na kuwaona kabla macho hayajafungwa. Hakuna kingine alichokuwa akikiomba mwaka ule.

Jumanne ya wiki ya onyesho, mume wa Mama Neema alianguka kazini, akafariki kabla ya kufika hospitali.

Sista alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika pale nyumbani. Nilimpeleka mimi. Alimshika Mama Neema mkono, akaketi naye, hakusema mengi. Jioni ile ikatangazwa kwamba mwili utasafirishwa Jumatatu, na Jumamosi mchana familia itauona, kwenye nyumba ya mazishi kule Arlington. Aliyetangaza alipotamka Jumamosi, nyumba nzima ilimwangalia Sista. Kila mtu alijua kuhusu ile tiketi.

Alhamisi, baada ya sala, chai ikiwa inagawiwa, Sista alisimama. Nilimvuta nguo akae. Akautoa mkono wangu.

"Mama Neema," akasema, "nina tiketi ya Houston Jumamosi, na unajua ni ya nini. Hii sheria niliileta mimi, siwezi kuivunja nikiwa nimejificha. Nakuomba ruhusa mbele ya hawa. Ukisema nisiende, sitaenda, na sitaweka moyoni."

Mtu nyuma yangu alinong'ona, "Woiye, sasa hiyo si ni aibu." Jikoni walioosha vikombe wakaacha. Mimi niliangalia zulia. Nilijua kinachokuja, na sehemu yangu moja, Mungu anisamehe, iliona ni haki.

Mama Neema aliweka kikombe chake chini.

"Party ya Neema uliniharibia," akasema.

"Nilikuharibia."

"Nilikasirika, Sista. Nilikasirika vibaya sana."

"Nilijua."

"Kama sikuhitaji, ningekuambia tu uende, halafu u-feel guilty mpaka Houston." Wachache walicheka, na yeye mwenyewe nusura acheke. Kisha sauti ikamkatika. "Lakini nakuhitaji. Siwezi kuingia pale Jumamosi kabla mtu hajaniambia yukoje. Na hawa wote watanidanganya, wataniambia ni kama amelala. Wewe hutanidanganya. Nataka uingie kwanza, umwone, ndio uje uniambie."

Sista akaketi.

"Nitaingia," akasema.

Kwenye gari nilifoka. Nilisema nyumba ile imejaa manesi, kuna waliowahi kufanya kazi mochari, kuna wanaoona vizuri, kwa nini ang'ang'aniwe yeye mwenye mwaka mmoja wa kuona. Nilisema Mama Neema amelipiza kisasi kwa njia ya ujanja. Sista aliniacha nimalize, kama alivyozoea kutuacha mezani.

"Amesema mimi," akanijibu.

Tulipofika kwake hakushuka. Akaniambia kwamba ameshaongea na Mama Neema pembeni, naye ameridhia: Jumamosi niende mimi. Nikakataa. Nilisema mimi hata sizipendi nyimbo zao, jambo ambalo lilikuwa kweli na ambalo lilimchekesha. Akasema si lazima nizipende.

"Uende uniangalizie," akasema. "Na ukirudi usiniambie kitu. Usiniambie hata kama walifika. Nitakuuliza mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema wazee wale wamesema ni mara ya mwisho, lakini wanamuziki wote husema hivyo, na daktari amesema labda mwaka, labda miwili. Wanaweza kurudi macho yake yakiwa bado yapo, na hataki kuja kuwaona akiwa ameshasimuliwa.

Kwa hiyo Jumamosi ile, wakati mimi niko kwenye barabara kuu ya I-45 naelekea kusini peke yangu, kiti cha pembeni kikiwa na sweta aliyonilazimisha kubeba kwa ajili ya baridi ya ukumbini, Sista alikuwa Arlington. Haya niliambiwa na Mama Neema mwenyewe baadaye. Sista aliingia akafunga mlango, akakaa mno mpaka watu wakaanza kuangaliana. Bila shaka ilimbidi ampitie yule mtu kipande kwa kipande, uso wake karibu na wa marehemu, kwa kile kitobo cha kuona kilichobaki. Alipotoka hakuzungumza akiwa wima. Alivuta kiti akakaa mbele ya Mama Neema, magoti yakigusana.

Alimwambia ni yeye. Alimwambia walikuwa wamempaka poda nyingi kwenye paji la uso, ameipunguza. Mdomo umeenda upande kidogo, ndivyo utakavyouona, usishtuke. Tai imekaa sawa. Mikono ni ya baridi sana, ukiishika ujiandae. Mengine yote ni yeye. Mama Neema alisema aliingia akiwa ameyashika maneno hayo, na kila alichokiona kilikuwa kama alivyoambiwa, ndiyo sababu hakuanguka.

Kuhusu Houston nitasema tu kwamba nilikaa mstari wa mwisho, na sijawahi kuangalia kitu maishani mwangu kwa bidii kama ile.

Nilirudi. Sista alitaka kujua kama mvua ilinipata njiani, na kama sweta ilifaa. Basi. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Nilikuwa nimebeba habari nzito mdomoni, mimi mtu wa maneno mengi, na kila Jumamosi ndani ya gari niliona kama zitanidondoka. Hakuuliza. Wakati mwingine alinituma niangalie kwenye simu kama wametangaza safari nyingine, nami nikaangalia, nikamwambia bado.

Mwisho wa mwaka alihamia kwa binti yake Missouri City, kando ya Houston, karibu na kliniki ya macho alikokuwa ameanza kutibiwa. Aliyempeleka hakuwa mimi, nilikuwa kazini. Ni Mama Neema aliyempeleka, na santuri zote zimefungwa kwa mataulo kwenye kiti cha nyuma. Nilisikia wivu, na nilimwambia Sista. Akafurahi.

Halafu ukaja mwaka 2020, na sote tunajua ulivyokuwa. Nilikuwa wodini kwa zamu zisizo na kichwa wala miguu, nikivua nguo gereji kabla ya kuingia ndani. Matanga yakawa ya kwenye simu. Tulizungumza Jumapili jioni, mimi na Sista, na kila mara alitaka kusikia habari za wagonjwa mmoja mmoja, wale waliopona na wale wengine. Siku moja nikamwambia kumbi zote za muziki zimefungwa, kote duniani. Akasema basi hata wao wako ndani. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesubiri basi ambalo bado liko kwenye ratiba.

Nilimtembelea Oktoba, baada ya kupimwa na kukaa pembeni kama ilivyotakiwa. Binti yake alikuwa ameweka viti viwili kwenye gereji, mlango umefunguliwa wote, kimoja huku na kingine kule. Ilikuwa saa za mchana, joto la Houston bado halijakubali kuondoka. Sista alikuwa amekaa wima, nywele zimesukwa vizuri, barakoa imekunjwa mapajani. Nilipokanyaga changarawe akageuza kichwa.

"Umekonda," akasema.

"Umejuaje?"

"Unatembea kama mtu aliyekonda."

Tukacheka. Tukazungumza habari za Mansfield, za mwanawe, za Mama Neema, ambaye sasa alimpigia simu kila siku na kumchosha. Binti yake akaleta chai. Alimshika mama yake mkono wa kulia, akavifungua vidole, akaviweka kimoja kimoja kwenye kishikio cha kikombe, akasubiri mpaka vimeshika, akaachia. Walifanya hivyo kwa wepesi wa watu waliolifanya jambo mara nyingi. Binti akaniangalia, kisha akaingia ndani.

Mtaani palikuwa kimya, isipokuwa mashine ya kukata majani mahali fulani.

"Haya," Sista akasema. "Sasa niambie."

Zaidi ya mwaka nilikuwa nikiomba aniulize, na sasa aliponiuliza, nilitamani alirudishe swali lake. Nikajaribu kuanza na taa, jinsi zilivyokuwa nzuri, jinsi watu walivyoshangilia.

"Usinipambie," akasema. "Anzia kushoto, uje kulia. Usiruke mtu."

Nikavuta kiti changu mbele mpaka pale niliporuhusiwa kufika.

"Kushoto alikuwa mpiga gitaa," nikasema. "Alikuwa amekaa kwenye kiti, Sista. Nywele zimeisha zote."

"Amekaa?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

Akainua kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akakishusha magotini taratibu.

"Sawa," akasema. "Anayefuata?"